Kabla ya Kununua Gasketi ya Pili
Somo kuhusu kubadilisha vipuri vya injini nyumbani

Gari likichemsha katika barabara ya Geita kwenda Katoro, mara nyingi halipelekwi gereji. Huvutwa hadi nyumbani kwa mwenyewe, likaegeshwa chini ya mwembe, na fundi akaitwa aje na mfuko wake wa spana. Hakuna kosa katika jambo hilo. Gharama hupungua, gari halilali ugenini, na mmiliki huona kwa macho yake kinachofunguliwa na kinachofungwa.

Hata hivyo, matengenezo ya nyumbani humnyima mtumiaji kitu kimoja ambacho gereji nzuri ingempa, nacho ni mtu mmoja wa kuwajibika. Nyumbani, kipuri huuzwa na mmoja, hufungwa na mwingine, na mara nyingi hununuliwa na wa tatu aliyetumwa kwa bodaboda. Injini ikiharibika tena baada ya wiki mbili, fundi husema spea ilikuwa feki, naye muuzaji husema fundi hakujua kuifunga. Mwenye gari husimama katikati akiwa hana risiti, hana kipuri cha zamani wala boksi la kipya. Kama gari hilo ndilo lililokuwa likilipa ada za watoto, mabishano hayo humgharimu zaidi ya bei ya kipuri chenyewe.

Somo hili linafuata kipuri kimoja tu, yaani gasketi ya silinda hedi ya Toyota Noah, tangu kinapoungua hadi kinapobadilishwa. Tumechagua kipuri hiki kwa sababu gasketi yenyewe ni ya bei ndogo ukilinganisha na kazi ya kuifikia. Anayeinunua mara mbili hulipa mara mbili ufundi, oili, maji ya kupozea na siku za gari kukaa bila kazi. Mwandishi wa somo hili anaijua hesabu hiyo, kwani gari la familia yake liliwahi kufunguliwa hedi mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na mara ya kwanza hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tafuta kwanza kilichoiunguza

Gasketi ya hedi ni bamba jembamba linalokaa kati ya bloku ya injini na silinda hedi. Hutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupozea, na oili. Ikiungua, vitu hivyo huanza kutembeleana. Maji hupungua kwenye rejeta bila kuonekana yanakovujia. Mapovu hutokea kwenye mdomo wa rejeta injini inapowashwa ingali baridi. Moshi mweupe mzito huendelea kutoka nyuma ya gari hata baada ya injini kupata moto. Oili hubadilika rangi ikafanana na chai ya maziwa. Dalili hii ya mwisho itazamwe kwenye kijiti cha kupimia oili, wala si chini ya mfuniko wa kujazia oili peke yake, kwa maana gari linalokwenda safari fupi fupi wakati wa mvua hupata utando mweupe hapo kwa sababu ya unyevu tu. Wapo waliofunguliwa injini nzima kwa ajili ya utando huo.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa ndani huwa na joto kupita lile la maji yanayochemka jikoni, na mfuniko ukilegezwa hugeuka mvuke na kuruka usoni kwa mara moja.

Gasketi ikishathibitika kuungua, pupa ya kukimbilia dukani izuiwe kidogo. Ni nadra gasketi kufa kwa uzee wake yenyewe. Karibu kila mara injini imepata joto kupita kiasi kwanza, na joto hilo lina chanzo: maji yalivuja kwenye hozi, wota pampu ilichoka, feni haikuzunguka, rejeta iliziba, themostati ilikwama, au mfuniko wa rejeta ulikwisha nguvu. Kubadilisha gasketi bila kurekebisha chanzo ni kufunga gasketi mpya ndani ya tatizo la zamani.

Katika orodha hiyo, mfuniko wa rejeta unastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya vingine, kwa sababu ndio wa bei ndogo na ndio unaosahaulika. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Geita uko juu zaidi ya hapo. Katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, si 100 kama ilivyo pwani. Injini yenye afya hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Kwa hiyo maji yakiachwa wazi, nafasi kati ya kazi ya kawaida na kuchemka huwa ndogo mno. Mfuniko mzima huyabana maji kwa springi yake, na maji yaliyobanwa hustahimili zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, ulinzi huo hupotea, na gari ambalo lingeshuka Dar es Salaam bila shida litachemka kwenye mlima wa kwanza huku kwetu. Badala ya mfuniko kuwekwa kitambaa na kufungwa kwa waya, kama inavyoonekana kwenye magari kadhaa, ununuliwe mpya wenye kiwango cha mgandamizo kilichoandikwa juu ya ule wa awali.

Themostati nayo ina mkasa wake. Mafundi wengi huitoa na kuitupa gari linapochemka, wakiamini kuwa nchi yetu ni ya joto na haihitajiki. Katika injini nyingi za Toyota kipuri hiki hufanya kazi mbili: hufungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yanapopata joto, na wakati huohuo huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji haifiki tena kwenye rejeta. Themostati inaweza kupimwa nyumbani. Itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto. Ile ya injini ya 3S huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, yaani kabla maji hayajaanza kutokota. Isiyofunguka kabisa ibadilishwe. Sufuria hiyo isirudi tena kwenye kazi ya kupikia.

Kuhusu rejeta, msomaji wa huku anafahamu vumbi la kiangazi katika barabara za kwenda machimboni, kwa mfano za upande wa Nyarugusu. Vumbi likichanganyika na wadudu na matope huziba nafasi za hewa kati ya mapezi ya rejeta hata kama ndani yake maji yanapita vizuri. Rejeta ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo yakipulizwa kutoka upande wa injini kwenda nje. Maji ya nguvu kubwa ya mahali pa kuoshea magari huyakunja mapezi na kuongeza kuziba.

Kuna kisababishi kimoja ambacho si kipuri, nacho ni hofu ya dereva. Gari likichemka, mtu huchota maji dimbwini na kuyamwagia injini. Hedi ya Noah yenye injini ya 3S ni ya aluminiamu na bloku yake ni ya chuma cha kusubu. Aluminiamu hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma hicho. Maji baridi yakiiangukia ghafla, hedi husinyaa isivyo sawa na kupinda, au hupasuka kabisa. Njia iliyo salama ni kuzima injini, kuinua boneti na kusubiri nusu saa au zaidi, hata kama abiria wananung'unika.

Mwombe fundi akuonyeshe chanzo alichokipata, kisha kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na kilomita za gari. Fundi asiyeweza kutaja chanzo bado hajamaliza uchunguzi, na ni mapema kumpa fedha za spea.

Dukani: kutaja "Noah" hakutoshi

"Kaka, naomba gasketi ya Noah." Sentensi hiyo husikika kila siku kwenye maduka ya spea, na ndiyo mwanzo wa hasara nyingi. Jina Noah hubebwa na magari yenye injini tofauti. Lile la zamani lina la petroli lenye injini ya 3S na la dizeli lenye injini ya 3C. Lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2001 lina injini ya 1AZ. Gasketi zake haziingiliani. Muuzaji mwenye haraka atatoa iliyo karibu na mkono, naye fundi mwenye haraka atajaribu kuifunga kwa kuitoboa pale tundu lisipolingana.

Nenda dukani na mambo matatu: namba ya chesisi kama ilivyo kwenye kadi ya gari, alama ya injini iliyogongwa kwenye bloku, na gasketi ya zamani yenyewe. Mpya ilazwe juu ya ya zamani, na kila tundu la maji, la oili na la bolti lilinganishwe. Unene unaweza kutofautiana kidogo kwa sababu ya zamani imekandamizwa; matundu hayatakiwi kutofautiana.

Kisha mweleze muuzaji kwa maneno kamili gari ulilo nalo, injini yake na kazi unayotaka kipuri kifanye. Maelezo hayo yana uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha mfanyabiashara lengo mahususi la bidhaa na kutegemea ujuzi wake katika kuichagua, mkataba huhesabiwa kuwa na sharti kwamba bidhaa hiyo itafaa kwa lengo hilo, hata kama hakuna aliyelitamka sharti lenyewe. Aliyesema tu "nipe ile pale" amejipunguzia nguvu. Kwa sababu hiyo omba risiti iandikwe bayana, kwa mfano: gasketi ya hedi, injini 3S. Risiti inayosema "spea" haitakusaidia sana mbele ya mtu yeyote.

Risiti inayotakiwa ni ile ya mashine ya kielektroniki, EFD. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, wala si hisani ya dukani. Karatasi yake hufifia kwa joto, hasa ikiachwa kwenye dashibodi ya gari. Ipigwe picha kwa simu siku hiyohiyo.

Tuseme pia jambo ambalo wengi hulijua na wachache hulitamka. Fundi anapotumwa kununua spea, mara nyingi huwa na cha juu chake dukani. Mazoea hayo hayamfanyi kuwa mwizi; huenda ndiyo njia pekee iliyobaki kwa fundi ambaye wateja humpunja malipo ya kazi. Lakini anayepata faida kutokana na bei ya kipuri hawezi pia kuwa mwamuzi wako wa ubora wa kipuri hicho. Kwa maoni yetu ni afadhali kumlipa fundi ujira kamili wa kazi yake, mkaafikiana mapema, kisha mwenye gari aende dukani mwenyewe akiongozana naye. Fundi achague, mwenye gari alipe, na risiti ibaki kwa aliyelipa.

Bandia, mbadala na mtumba

Maneno haya matatu huchanganywa, na kuyachanganya huwaumiza hata wafanyabiashara waaminifu.

Kipuri bandia ni kile kinachojiita cha kampuni ambayo haikukitengeneza. Boksi lina nembo ya mwingine, na ndani yake mna kitu cha mtu asiyejulikana. Hicho ndicho kinachokatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo utekelezaji wake uko chini ya Tume ya Ushindani (FCC). Kipuri mbadala ni kile kilichotengenezwa na kiwanda kingine kwa jina lake chenyewe ili kifae gari lako. Hiki ni halali. Vipo vizuri sana na vipo hafifu, na tofauti yao haionekani katika neno "mbadala". Kipuri cha mtumba kilitengenezwa na kiwanda chenyewe, kikatumika nje, kikaletwa nchini. Nacho si bandia.

Mtumba una mahali pake. Silinda hedi ya mtumba iliyopimwa vizuri inaweza kuwa na maisha marefu kuliko mpya hafifu. Lakini kila kitu kinachofanya kazi yake kwa kukandamizwa, kuvutika au kuchuja hakina maisha ya pili: gasketi, sili, mikanda, themostati na filta. Duka likikuuzia gasketi ya hedi iliyokwisha kufungwa mara moja, hata kama ni ya Japani na imesafishwa ikang'aa, usiichukue.

Bandia hutambulikaje? Herufi za jina zimekosewa au rangi ya nembo imefifia. Namba ya kipuri kwenye boksi hailingani na ile iliyo kwenye kipuri. Kingo za gasketi zina makovu ya kukatwa. Pete za chuma zinazozunguka silinda zimekaa upande. Lakini hatutaki kumdanganya msomaji kwamba macho yanatosha. Bandia iliyotengenezwa vizuri humshinda hata fundi wa miaka mingi, na alama za boksi huigwa upya kila zinapobadilishwa. Kinga iliyo thabiti zaidi ni kununua kwenye duka lenye anwani, linalotoa risiti, na kuishuku bei iliyo chini mno ya maduka mengine. Kipuri kilichotandazwa juu ya turubai siku ya mnada kinaweza kuwa kizima, lakini kikiharibika utamrudishia nani?

Kufungua na kufunga

Kuna kazi zinazoweza kufanyika nyumbani na zisizoweza. Kuitoa hedi na kuirudisha kunawezekana chini ya mwembe, kama pana kivuli, sakafu ngumu na fundi mwenye vipimo. Kuisawazisha hedi iliyopinda, ambako mafundi huita kuskimu, na kuipima kama ina ufa, ni lazima kufanyike kwenye karakana yenye mashine. Msasa wa mkono uliozungushwa kwenye kipande cha ubao hauwezi kuchukua nafasi ya mashine hiyo.

Kabla ya kuipeleka, hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vya bapa, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili. Kiwango cha kawaida kwa injini ya aina hii ni milimita 0.05, wembamba usiozidi wa unywele. Jicho halioni mwachano huo, lakini moto wa silinda huuona. Fundi anayelaza mkono juu ya hedi na kusema "iko sawa" hajapima kitu.

Adui mkubwa wa kazi ya nyumbani ni vumbi. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye njia ya oili hufika kwenye beringi za krenki, na hapo injini itanoki wakati gasketi yako ingali mpya. Kazi ya kufungua ianze asubuhi kabla ya upepo, ardhi inyunyizwe maji, na kila tundu lililo wazi lizibwe kwa kitambaa safi. Vitambaa vihesabiwe na idadi iandikwe. Kilichosahauliwa ndani ya silinda hakitaonekana tena hadi injini iwashwe. Kabla ya yote hayo, waya wa betri ufunguliwe, na jiko la mkaa lisogezwe mbali na mahali petroli inapomwagika.

Bolti za hedi zilegezwe kutoka pembeni kuja katikati, kidogo kidogo na kwa mizunguko, na wakati wa kufunga utaratibu ugeuzwe: katikati kwenda pembeni. Matundu yake kwenye bloku yakaushwe kabisa. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti huyabana na inaweza kuipasua bloku, ama fundi akadhani bolti imekaza kumbe imekalia maji.

Mkazo wa bolti hupimwa kwa toki renchi, si kwa nguvu za bega. Kwa injini ya 3S-FE kipimo kinachotumika ni nyutoni mita 49 kwa bolti zote 10, kisha kila bolti huongezwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Fundi mwangalifu huweka nukta ya rangi juu ya kila bolti ili aone ipi imeshazungushwa na ipi bado. Kipimo hiki kisihamishiwe kwenye injini nyingine. Kila injini ina chake katika kitabu cha mtengenezaji. Bolti iliyorefuka au kupungua unene katikati ibadilishwe. Kama fundi wako hana toki renchi, ni halali yako kumwomba aazime, na ni halali yake kukutoza gharama ya kuiazima.

Silikoni ya bomba isipakwe kwenye gasketi ya hedi. Inayozidi hukatika, ikaziba njia nyembamba za maji na oili. Wengi huipaka kama bima, hasa pale wasipoamini usawa wa hedi yao. Dawa ya hedi isiyo sawa ni mashine.

Baada ya kufunga, oili na filta vibadilishwe hata kama ni vya juzi, kwa kuwa maji yalikwisha kuingia. Rejeta ijazwe maji ya kupozea yaliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza, na hewa itolewe. Maji hayo ya rangi ni sumu na aina nyingi zina utamu. Beseni la kukingia lisiachwe uani penye watoto, mbuzi au kuku. Oili chafu nayo isimwagwe karibu na kisima.

Makubaliano, ushahidi na malalamiko

Kabla fundi hajafungua bolti ya kwanza, andikeni kwenye karatasi kazi itakayofanyika, malipo yake, nani ananunua spea, na muda ambao fundi atarudia kazi bila malipo kama kosa ni la ufungaji. Mistari mitano inatosha, na nyote wawili mtie saini. Mafundi wengi hawakatai. Wanaokataa wamekupa taarifa ya maana mapema.

Wakati wa kazi, piga picha ya gasketi ya zamani kabla haijatolewa kwenye bloku, ya hedi chini ya rula, na ya kipuri kipya kikiwa kando ya boksi lake huku namba zikisomeka. Picha hizo ndizo zitakazotenganisha kosa la kipuri na kosa la ufungaji. Gasketi iliyopasuka kati ya silinda mbili wakati hedi imeonyeshwa kuwa sawa na bolti kukazwa kwa kipimo humrudisha msomaji kwa muuzaji. Iliyovuja upande ambao bolti zililegea humrudisha kwa fundi.

Kipuri kikishindwa, usikifungue peke yako kwa hasira. Mwite fundi na, ikiwezekana, muuzaji au mtu wake, kifunguliwe mbele yao. Anza na duka. Malalamiko mengi huishia hapo mteja anapokuwa na risiti na kipuri mkononi. Utakutana pengine na bango linalosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Bango hilo linaweza kumzuia mteja aliyebadili mawazo. Haliwezi kuifanya bidhaa bandia kuwa halali, wala kumpa muuzaji ruhusa ya kusema uongo kuhusu asili na ubora wake, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza.

Duka likikataa, andika barua ya malalamiko. Itaje jina na mahali lilipo duka, tarehe ya ununuzi, namba ya risiti, maelezo uliyompa muuzaji kuhusu gari lako, na kilichotokea baada ya kufunga. Ambatanisha nakala na picha. Risiti yenyewe na kipuri vibaki kwako hadi utakapoombwa kuviwasilisha. Suala la bidhaa bandia na udanganyifu hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza. Suala la kipuri kisichokidhi kiwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Muuzaji aliyekunyima risiti anaripotiwa ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) iliyo karibu. Taasisi hizi zinaweza kuchunguza, kukamata mzigo na kuchukua hatua dhidi ya muuzaji. Fidia ya hasara yako binafsi, kama siku ambazo gari halikufanya kazi, inaweza kuhitaji shauri mahakamani, na huko pia utaulizwa vilevile: kipuri kiko wapi, na risiti iko wapi.

Weka gasketi ya zamani, boksi la mpya na karatasi ya makubaliano mahali pamoja, walau mpaka gari litembee miezi mitatu bila kupunguza maji. Katika wiki ya kwanza angalia maji na oili kila asubuhi injini ikiwa baridi. Muda huo ukipita salama, boksi lisitupwe likiwa zima, hasa kama lilikuwa la kipuri halisi, kwa sababu maboksi mazima huokotwa na kununuliwa na wanaotia spea bandia ndani yake. Lichane vipande, na ile sehemu yenye namba ya kipuri uichane peke yake.